Mwenyekiti Aliyekuja Kuaga

Niliingia ukumbini nimechelewa, nikakuta watu wote wameinua viganja, nami nikainua vyangu. Ndivyo tulivyolelewa: ukikuta Fatiha inasomwa, huulizi inasomewa nini. Nikaisoma kwa unyenyekevu, nikajipangusa uso, nikaitikia amin kwa sauti kubwa kuliko wote, maana aliyechelewa hujitahidi aonekane kuwa yupo. Muuza kahawa wa mtaani kwetu, aliyekaa karibu yangu, akanipa mkono.

"Hongera, mwenyekiti."

Fatiha ilikuwa yangu. Walikuwa wamenichagua kusimamia matengenezo ya ukumbi wa mtaa, na uchaguzi huo nimeuitikia mwenyewe.

Najua mtu anaweza kujiuzulu. Katika vitabu nilivyosoma chuo kikuu kujiuzulu kuna utaratibu wake. Lakini kwetu jambo likishasomewa Fatiha halirudishwi kama shati lililobana. Na mimi ndiye niliyeandika tasnifu nzima juu ya ushiriki wa wananchi katika maendeleo ya mitaa yao. Katika kurasa zote zile hakuna hata moja inayoeleza namna ya kutoroka.

Nilipopanda nyumbani mke wangu alikuwa dirishani, anangoja.

"Ushawambia?"

"Wamenifanya mwenyekiti."

"Mie nlikutuma ukaage."

Ni kweli. Tulikuwa tunahama. Tunakaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya Mji Mkongwe ambayo aliyeijenga ngazi zake nadhani hakuwapenda binadamu: nyembamba, zina giza, na kila kidato kina urefu wake. Tangu magoti ya mke wangu yavimbe alikuwa hajashuka, isipokuwa siku tulizombeba kumpeleka hospitali, na siku hizo alilia njia nzima kwa aibu zaidi kuliko maumivu. Mji wote kwake ulibaki dirisha moja. Kaka yake, anayekaa Bububu, alikuwa na vyumba viwili vitupu uani, mlango unafunguka moja kwa moja kwenye mchanga. Njooni siku yoyote, alitwambia. Mimi nikaahidi: kabla ya masika.

Ukumbi wenyewe ni jengo la chini, mkabala na dirisha letu. Ndani yake mtaa husoma hitma, huoza watoto, hufundisha masomo ya jioni na kuleta wachanga kuchanjwa. Dari lake, ambalo ndilo paa, lilikuwa linavuja, hata waliokuja kwenye hitma walikuwa wakichagua pa kukaa kwa kutazama juu. Tukakubaliana kuurudishia ukumbi dari la chokaa na mawe, kama lilivyokuwa zamani, lile linalopondwa kwa magongo mpaka lishikane. Kila nyumba ikatoa mtu. Asubuhi, kabla ya kazi zao, walibeba kifusi kwa makarai. Kina mama walichota maji. Chokaa ikarowekwa shimoni. Nikamuuliza fundi itakuwa tayari lini.

"Chokaa haitaki haraka, maalim. Tutaiona."

Kila siku nilikwenda kuchungulia shimo lile kama mfungwa anayechungulia lango. Masika yakanyesha, tukafunika shimo, tukangoja. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga vyombo vya kabatini katika maboksi. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuvifungua kimoja kimoja, kwa sababu tulihitaji vikombe.

Ningesema, wallahi ningesema, lau watu wale wangekuwa wabaya. Walikuwa wema mpaka wananitisha. Kina mama waliokuwa wakichota maji walimwona mke wangu dirishani, wakawa wanamwita: "Bi mkubwa, teremsha kikapu!" Kikapu kikashuka kwa kamba, kikapanda na samaki, na ndizi, na mkate wa kumimina ungali moto. Siku moja nilishuka nimeamua kabisa.

"Jamani," nikasema, "mie nina neno."

"Sema, mwenyekiti," akasema muuza kahawa, "lakini kwanza pokea." Akanitia mkononi bakuli la supu ya pweza. "Ya mwenyewe bi mkubwa. Wanasema yafaa magoti."

"Ahsanteni," nikasema. Neno langu likawa hilo.

Kisha wakatengeneza ngazi zetu. Mimi mwenyekiti nilikuwa wa mwisho kupata habari. Nilirudi kutoka kazini nikakuta ubao wa kushikia umepigiliwa ukutani kutoka mlangoni hadi ghorofa ya tatu, umepigwa randa vizuri usije ukamchoma mtu mkono.

"Sasa hamna pa kwenda," akasema muuza samaki, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika mitaa mitatu. "Mtazeekea hapahapa na sisi."

Mke wangu akashukuru kwa maneno mazuri sana. Usiku akaanza kuvifunga vikombe upya.

Hatimaye chokaa ikawa tayari. Siku ya kuponda dari mtaa mzima ulipanda juu ya ukumbi, kina mama kwa nyimbo, wanaume kwa makelele, mimi nimepewa gongo langu kama heshima. Kazi ile haina mapumziko. Chokaa ikiachwa hupasuka. Katikati ya wimbo niliinua macho. Dirisha letu lilikuwa tupu.

Nilipotazama chini nilimwona kasimama kwenye mlango wa nyumba, kavaa buibui, mkono mmoja bado kaushikilia ubao, mwingine una kibegi.

"Bi mkubwa kashuka!" Vigelegele vikapaa.

"Umekuja kuponda na sie?" akauliza muuza samaki.

"Nnakwenda Bububu, wenzangu. Nnahama. Kaka yangu kashafika na gari, yuko barabarani."

Nyimbo zikakatika. Nilitamani dari lile lifunguke linimeze.

"Khaa! Na mwenyekiti?"

"Mwenyekiti alikuja kukuageni siku ile mlipomchagua. Ulimi ukamshinda."

Wote wakanigeukia. Nikaona wanataka kukasirika, kisha wakashindwa, wakacheka. Muuza kahawa alilazimika kukaa chini.

"Bububu si hapo tu! Si ungesema, tukahamisha hata vyombo?" akaniambia.

Wakateremka. Mmoja akachukua kibegi, wawili wakamshika mke wangu mikono, wengine wakafuata nyuma wakiimba kama wanamsindikiza bibi harusi. Nikaweka gongo chini niwafuate.

"Maalim!" Fundi alikuwa bado ukingoni, mikono myeupe. "Mkenda nyote, abaki nani? Itapasuka hii."

Tulibaki wawili. Nikasikia vigelegele mwisho wa uchochoro, mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka. Niliponda pahala pamoja mpaka fundi akaniambia hapo pametosha, nisogee.