Tawi kwenye Bampa

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliishia darasa la pili, nikaanza kuosha magari Gongoni kwa ndoo ya kuazima, na leo nina malori mawili na nyumba ya bati. Katikati ya hayo niliendesha gari la wagonjwa Tabora miaka minane. Babu yangu alipita njia ya misafara na pembe ya ndovu begani; mimi niliipita kwa Landrova. Waulizeni madereva wa enzi hizo.

Siku hiyo asubuhi nilipeleka maiti Ntalikwa. Wafiwa walifunga tawi bichi la mwarobaini kwenye bampa ya mbele, kama ilivyo ada, ili watu wa njiani wajue gari lina msiba. Niliporudi, injini haijapoa, nikaambiwa simu imetoka upande wa Puge: mzazi amekwama na uchungu tangu jana, anavuja damu, akicheleweshwa ndiyo basi. Muuguzi wa kunisindikiza hakuwapo. Nikaondoka peke yangu.

Sijawahi kukimbiza gari vile. Kilichonipa moyo ni heshima. Wenye baiskeli walishuka wakasimama kando. Wazee walivua kofia. Lori la pamba liliniachia barabara nzima. Nikajisemea, kumbe jina langu limefika hadi huku!

Kijiji kilikuwa kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, udongo wa kuta haujakauka. Nilipokata kona ya zahanati, wanawake waliokuwa uani wakapiga yowe na kujitupa chini. Nikakanyaga breki. Nimechelewa.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, akatoka mbio. "Dereva, umemleta nani?"

"Sijaleta mtu. Nimemfuata mzazi. Amekufa?"

"Hajafa! Wewe ndiye utamuua! Hebu tazama gari lako!"

Nikazunguka mbele. Tairi la akiba juu ya boneti lilikuwa limenizibia. Tawi lile lilikuwa palepale, limejaa vumbi, linaning'inia.

Nikaling'oa, lakini mzazi alishasikia vilio, akaamini analiliwa yeye. Alishikilia mguu wa kitanda kwa mikono miwili. "Sipandi gari la maiti," alisema, tena na tena, sauti ikizidi kupungua. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Baba, sanda umekuja nayo, au tutanunua wenyewe?"

"Mama, mimi ndiye dereva namba moja wa Tabora..."

"Wa makaburini."

Dresa akaninong'oneza kwamba mapigo ya moyo yanakimbia mno, tukiendelea kubishana tutamzika pale pale.

"Mama, basi sema wewe. Nifanye nini?"

"Hatalala alipolala maiti."

Nikavuta godoro na shuka, nikavitupa chini mbele ya kijiji kizima. Nikaosha sakafu ya gari kwa ndoo tatu za maji. Nikakimbia duka la ushirika, nikachukua mkeka mpya na doti ya khanga. Muuzaji akataka kwanza aandike risiti. Nikamtupia noti na kuondoka. Mama mkwe akapanda, akakaa juu ya mkeka, akaupapasa kote. Ndipo akasema, "Mleteni mwanangu."

Mwanzoni mama mkwe alinigongea dirisha la nyuma: "Polepole, baba!" Baada ya nusu ya safari akagonga tena. "Kaza, baba. Mkeka umelowa. Kaza!" Nikakaza. Mashimo sikuyaona.

Mtoto hakupona. Mama yake alipona, wiki ya tatu nilimrudisha kwao mwenyewe, amekaa kiti cha mbele, na kabla ya kupanda alilizunguka gari lote.

Karani wa hospitali alisema serikali haina fungu la mikeka. Godoro nililoliacha kule lilikuwa limeshachomwa moto, nalo likakatwa kwenye mshahara wangu. Godoro, shuka, mkeka na khanga: shilingi tisini na mbili na senti hamsini.