Kumwagilia Mboga Mvua Ikinyesha

Goma ukitaka bustani, kwanza ununue udongo. Kiwanja chetu kilikuwa mawe meusi matupu ya volkano, na mama yangu, mzaliwa wa Butembo ambako udongo ni wa kuchezea, hakuwahi kuusamehe mji huu kwa jambo hilo. Lori likitoka mji wa Kiwanja, lilimletea magunia ya udongo, akayapanga nyuma ya nyumba na kupanda kabichi, lengalenga na vitunguu vya majani. Ziwa lilikuwa mbali, kwa hiyo mboga zilikunywa maji ya mvua: yaliteremka kwenye mabati, yakapita mferejini, yakaingia kwenye futi, lile pipa la chuma lililowahi kubeba mafuta. Mdomo wake mama aliufunika kwa kipande cha chandarua cha kuzuia takataka. Maji yale aliyalinda kuliko alivyotulinda sisi watoto. Ukinawa nayo miguu, ulisemwa mpaka Jumapili.

Mfereji aliutengeneza baba. Aliukata kwenye bati la zamani, akaukaza kwa misumari na waya hata upepo wenyewe ukakata tamaa, na kila mgeni alilazimika kuusifu kabla hajapewa kiti. Mfereji huohuo nusura ummalize.

Ilikuwa miaka ile ya vita. Wakimbizi walipita na magodoro kichwani, na askari, sikumbuki tena wa upande gani, waliingia mitaani kukamata wanaume wa kuwabebea risasi hadi kwenye mapigano. Wengi waliobebeshwa hatukuwaona tena. Siku moja baba alikuwa amelimwaga futi lote ili alisugue, tukasikia majirani wakipiga kelele kwamba watu wanakamatwa. Nyuma ya nyumba hakukuwa na pa kutokea. Baba akaingia ndani ya futi, magoti yakamgusa kidevu, mama akamfunika kwa chandarua na kutupia majani makavu juu yake.

Askari wakaingia.

"Bwana yako iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Alienda ku Kiwanja kutafuta udongo," mama akajibu, wala hakupepesa macho.

Wakapekua vyumba, wakachungulia chini ya vitanda, wakageuka waende zao. Hapo mvua ikaja. Mvua ya Goma haipigi hodi. Wakarudi mbio, wakajibanza kwenye baraza ya nyuma, hatua chache tu kutoka kwenye futi, wakawasha sigara. Na ule mfereji uliosifiwa na wageni wote ukaanza kazi.

Mimi nilikuwa mlangoni, roho juu. Nilisikia maji yakigonga chuma, kisha sauti ikazidi kuwa nzito, nikajua yanapanda. Baba akisimama, wanamwona. Akibaki ameketi, yanamfika puani. Mara mama akachukua bakuli la plastiki, akatoka mvuani, akafunua pembe ya chandarua, akachota maji na kuzimwagia kabichi. Akachota tena, akamwaga tena.

Askari wakasahau sigara zao. "Mama, uko unamwangia mboga maji mu mvua?"

"Hii mvua iko na majivu ya volkano, inachomaka majani," akasema bila kugeuka. "Lazima nioshe na maji yenye imetulia."

Maji aliyokuwa akichota yalikuwa ya mvua ileile, lakini wale walikuwa wageni wa Goma, na mama aliongea kama mwalimu aliyechoshwa na maswali. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ila mfereji ulikuwa unamshinda. Askari mmoja mrefu akaliona hilo, akaegemeza bunduki ukutani na kukunja mikono ya shati. "Mama, leta nikusaidie. Kwetu tunalimaka."

Mama akalikumbatia bakuli. "Wacha! Hii ni kazi ya banamuke."

Yule akavuta, mama akavuta. "Mama yako hakukufundisha adabu?" mama akafoka. Wenzake wakawa wanashangilia utadhani wako kwenye mechi. Bakuli likamponyoka mama.

Askari akafunua chandarua, akainama, akabaki ameinama. Kisha akachota maji, akaimwagia kabichi.

Alichota haraka kuliko mama, bakuli juu ya bakuli, mpaka magunia yakatapika udongo wa watu.

"Kuko nini mule?" mkubwa wake akauliza.

"Maji, shefu. Na majani."

Mvua ilipopungua alirudisha chandarua, akampa mama bakuli kwa mikono miwili, akachukua bunduki yake, wakaondoka.

Ilitubidi tulilaze futi chini ndipo baba atoke. Meno yalikuwa yanamgongana. "Aliniona," akasema. "Tuliangaliana. Akaniambia, 'Papa, inama kidogo,' ndio akachota."

Mama akalia na kucheka kwa pamoja. "Na mimi nilimutukana mama yake!"

Akakimbilia kwenye geti. Baba alimpungia mkono asiende, lakini nani angemzuia? Mimi nikamfuata. Askari walikuwa hawajafika mbali, na mbele yao walitembea wanaume wa mtaa wetu, masanduku ya risasi kichwani. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Angesema nini mbele ya yule mkubwa?

"Aksanti kwa mboga!" akapaza sauti.

Askari wengine wakaangua kicheko, mmoja akampiga mwenzake begani. Yule mrefu hakugeuka. Aliendelea kutembea, amelowa chapachapa, na mama akabaki pale getini akitaka kumwita "mwanangu", asithubutu.