Maziwa ya Jioni

Mathew alizikwa Jumamosi, na Jumatatu alfajiri ndugu yake Kiptanui alikuwa amesimama katikati ya boma, ndoo mkononi. Hakuja kumpa mjane Phyllis pole. Pole alishaitoa kaburini kwa sauti yake ya mzee wa kanisa, watu wote wakasikia. Alikuja kuchukua maziwa.

"Mama Kiplimo," alisema, "namba ya chai nitaangalia mimi. Wewe endelea tu kuchuma. Na maziwa ya asubuhi itaenda kwa lori na jina yangu, ndio kitu ya watoto isipotee."

Isipotee! Phyllis alimtazama asijue aanzie wapi. Ile michai aliipanda yeye na Mathew, yeye akiwa na mimba ya mwanawe Kiplimo, akibeba miche kichwani huku mgongo ukimwuma. Lakini kwenye kituo cha kununulia chai namba ya malipo iliandikwa jina la mwanamume, na mwanamume alipokufa ilihamia kwa mwanamume mwingine, kana kwamba mwanamke ni kikapu cha kubebea majani.

"Na ya jioni?" aliuliza.

Kiptanui alicheka. "Ya jioni ni ya mwanamke. Hiyo hata mimi siwezi gusa. Ama mimi ni mtu mbaya?"

Kwa Wakipsigis ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Maziwa yanayokamuliwa asubuhi ni ya mwenye boma, ayauze anavyotaka. Ya jioni ni ya mama wa nyumba, apikie chai, anyweshe watoto, na yanayobaki ayagandishe kwenye kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa yawe mursik. Hakuna mwanamume aliyeyaonea wivu maziwa ya jioni, kwa sababu jioni hakuna lori.

Basi Phyllis akawa anachuma chai ya shemeji yake kuanzia ukungu hadi mchana, na bonasi ilipotoka Kiptanui alimletea sukari na kipande cha sabuni, akangoja ashukuriwe. Mwezi uliofuata Kiplimo akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alikuta mama yake kwenye mistari ya chai, kikapu mgongoni, akichuma kwa nguvu mpaka anang'oa na matawi.

Alichokuwa nacho Phyllis ni ng'ombe mmoja mweusi aitwaye Tui. Na huyo Tui, tuseme ukweli, alikuwa wake kuliko kitu chochote pale bomani. Siku ya harusi Phyllis aligoma mlangoni, kama bibi harusi anavyotakiwa kugoma, hadi ukoo wa mume ulipomwahidi mtamba. Tui ni mtoto wa mtamba huyo. Kiptanui alikuwa pale mlangoni, na alipiga makofi.

Siku moja Phyllis alifunga kibuyu cha mursik kwenye leso, akashuka nacho hadi sokoni Silibwet. Mursik haikuwa kitu cha kuuza. Ilikuwa ya mgeni, ya wakwe, ya kijana aliyerudi kutoka mbali. Kuiuza kulikuwa sawa na kumtoza mgeni pesa kwa kuketi kwenye kiti chako. Lakini aibu haikumrudisha Kiplimo shuleni, na wala wenye kuogopa aibu hawakujitolea kumrudisha.

Aliingia kwenye hoteli ya Monicah, mama wa kutoka upande wa ziwa ambaye mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Monicah alimimina kidogo kwenye kikombe, akaona rangi ya kijivu, akaruka.

"Ai, dada! Hii maziwa imeingia majivu!"

"Si majivu. Ndivyo inakaa."

"Inakaa na uchafu?"

Alikuwa anakwenda kuimwaga wakati dereva wa lori la ngano, aliyekuwa njiani kwenda Mulot, aliposikia ile harufu. Akaomba kikombe. Akanywa chote bila kushusha mkono, akaomba cha pili. Alisema hajaonja mursik kama hiyo tangu mama yake afariki. Monicah alikuwa mfanyabiashara. Dharau ilimwisha papo hapo.

"Dada," alisema, "kesho leta vibuyu viwili. Hiyo majivu yako nitazoea."

Habari zilifika kanisani kabla ya Phyllis. Jumapili wanawake walisogea kwenye benchi, wakamwachia nafasi ya watu wanne. Na wakati wa matangazo Kiptanui alisimama, akarekebisha tai, akasema kuna mama mmoja anauza heshima ya Wakipsigis kwa hoteli. Heshima! Mtu anayekula chai ya ndugu yake marehemu bila hata kunawa mikono ndiye anayefundisha watu heshima. Phyllis alikaza macho mbele, akaimba wimbo wa mwisho kwa sauti kubwa kuliko wote, na Jumatatu akabeba vibuyu viwili.

Kiplimo alirudi shuleni. Paa likapata mabati. Mabati yanang'aa, na Kiptanui aliyaona kutoka kwake ng'ambo ya mto. Tangu hapo akaanza kuja na ndoo yake mara ya pili, saa tisa mchana.

"Shemeji, hiyo ni ya jioni," Phyllis alimwambia.

Kiptanui alinyoosha kidole juu. "Jua iko wapi? Hii bado ni mchana. Mimi sijavunja mila."

Akachuchumaa akakamua mpaka tone la mwisho. Jioni Tui alitoa maziwa ya kutosha chai ya watoto tu. Phyllis alikaa chini kando ya ng'ombe akalia, na yalikuwa machozi ya hasira, yale yanayochoma macho. Angemwibia waziwazi ingekuwa afadhali. Mtu huyu alimwibia huku akiishika mila mkononi na kumwonyesha.

Sasa, hasira ya Phyllis ilikuwa na faida moja: ilimfanya afikiri. Kama ya jioni ni ya mwanamke, basi ni ya kila mwanamke. Mgongo mzima wa kilima kile, kila nyumba ilikuwa na jioni yake, na kila jioni kulikuwa na maziwa ambayo hayana lori. Akachukua vibuyu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba watu wakimaliza kukamua. Wale wale waliosogea kwenye benchi walimpimia maziwa na kupokea pesa zao, pesa ambazo hakuna mume aliyezijua kwa sababu hakuna mume aliyewahi kuuliza. Haikuchukua muda wakawa wanamletea wenyewe. Winny, mke wa Kiptanui, naye akaja, jagi limefichwa chini ya shali.

"Usiniulize kitu, dada," Winny alisema. "Pima tu."

Phyllis alipima.

Akapanga chumba kando ya hoteli ya Monicah, akajaza rafu vibuyu. Walimu walikuja, makarani wa Bomet walikuja, wenye harusi waliagiza mapema. Hapo ndipo Kiptanui alipopandwa na wazimu kabisa. Alikuja na kamba, akamfunga Tui na ndama wake. "Ng'ombe ya ndugu yangu haiwezi kaa kwa mwanamke wa hoteli," alisema, akawavuta kuvuka mto huku watoto wakilia nyuma. Phyllis alikwenda kwa naibu wa chifu, akaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, wakayamalize nyumbani. Hivyo ndivyo wanavyosema siku zote wakati aliyeumizwa ni mwanamke.

Kisha ikaja mvua ya Elinino, mwaka wa tisini na saba. Barabara zikawa uji. Lori la maziwa lilikwama, halikurudi tena, na maziwa ya asubuhi, yale maziwa ya wanaume, yakaharibikia kwenye mikebe kando ya njia. Mursik haikujali matope. Kadiri ilivyongoja ndivyo ilivyokolea.

Desemba ile binti ya Kiptanui alikuwa anaposwa. Wakwe walitoka Roret, wakafika wakiwa na matope hadi magotini, wakaketishwa. Kiptanui, katika suti yake, akaita mursik. Wakwe hawaanzi kuzungumza bila mursik.

Winny alisimama mlangoni, mikono mitupu. "Hakuna."

"Hakuna namna gani?"

"Ya asubuhi ulipeleka kungojea lori, ikaharibika. Ya mchana pia. Ya jioni ni yangu, na nimeuza."

Wageni walitazama miguu yao. Nusu saa baadaye Kiptanui alikuwa amesimama katika boma la Phyllis, suti imelowa.

"Mama Kiplimo, sisi ni watu wa nyumba moja. Nipatie vibuyu vinne."

"Tui yuko wapi?"

"Hiyo nitaleta kesho."

"Basi na wakwe watakunywa kesho."

"Unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

"Shemeji," Phyllis alisema, na sauti ilimtetemeka kwa yote aliyokuwa ameyameza tangu Jumatatu ile, "aibu yako ulikuja nayo."

Kiptanui alirudi kwake. Akapita mbele ya wakwe wote akimvuta Tui kwa kamba, ndama nyuma, akavuka mto. Winny alikuja naye, na vibuyu Phyllis aliviweka mikononi mwa Winny.

"Si umepata yako?" Kiptanui alinung'unika. "Tusahau, basi."

"Na namba ya chai?"

Kiptanui alijifanya hasikii, akaondoka.

Saa tisa Tui aligeuza kichwa, akatazama njia. Phyllis alimwacha. Alingoja jua lizame kabisa nyuma ya ile michai, ambayo bado ilikuwa na jina la Kiptanui, ndipo akakaa kwenye kigoda na kukamua. Kesho yake alfajiri alikamua tena, na hayo ya asubuhi nayo akayatia kwenye kibuyu.