Wembe Shingoni mwa Mwalimu

Wateja walimwita Polepole kwa sababu kidevu kimoja kilimchukua nusu saa nzima, na kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka kwake na mkwaruzo. Kibanda chake kilikuwa na kioo kimoja, kiti kimoja cha chuma cha kuzunguka, na sheria moja aliyojiwekea mwenyewe: kinyozi hakai. Kiti ni cha mteja. Hata mchana mzima upite bila mtu kuingia, Polepole alisimama nyuma ya kiti, kiwiko cha kulia juu ya chuma cha kuegemezea kichwa, shavu kiganjani, akitazama barabara; na hata akinyoa, kiwiko hicho kilibaki kimeegemea pale pale. Miaka kumi na tisa alisimama hivyo.

Jioni moja, akiwa anapunguza nywele kwa mashine, kitu kama umeme kilimpita mkononi mpaka kidole kidogo. Mkono ukaruka, halafu basi, kimekwisha kabla hajaguna. Akailaumu mashine. Akafunga waya wake kwa utepe, akabadilisha plagi, mwishowe akanunua mashine mpya. Umeme ukamfuata mpaka kwenye mkasi, na mkasi hauna waya.

Hapo akamkumbuka mjomba wake. Mjomba alikuwa na kifafa, na kabla ya kuanguka alizoea kusema mkono unamchezacheza. Polepole alikaa kimya na hofu yake, akaendelea kunyoa. Hapa hakuna namna ya kumpamba. Mtu anayeweka chuma kikali kooni mwa mwenzake, huku akiushuku mkono wake mwenyewe, anamkosea mwenzake huyo hata kama damu haikutoka. Alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba kinyozi akisemwa ana kifafa, kibanda atakifunga.

Mara ya nne ilimkuta mwalimu mstaafu akiwa kitini, mteja wa kila Alhamisi. Wembe ulikuwa chini ya taya. Umeme ukapita, vidole vikalegea, wembe ukaangukia kitambaa kifuani.

"Vipi, Polepole, umesinzia?"

"Sabuni tu, Mwalimu. Imeniteleza."

"Basi sabuni ya leo kali!" Mwalimu akacheka, macho ameyafumba, shingo bado ameiachia.

Ile shingo ndiyo iliyomshinda. Alimaliza kazi kwa mashine, akafunga mapema.

Nyumbani mkewe alimwona akikunja na kukunjua vidole.

"Baba watoto, huo mkono una nini?"

Akamweleza yote, na mjomba ndani yake.

"Na Mwalimu umemwambia sabuni?"

"Sikutaka kumtia hofu."

"Hukutaka kumpoteza. Sema kweli." Akaushika ule mkono. "Kesho hufungui. Tunakwenda hospitali, na nakupeleka mwenyewe. Nakujua, ukifika mlangoni utakumbuka una haraka."

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao. Aliwaamkia kwa heshima, kisha akaanza kuuliza. Hali hiyo inachukua muda gani? Sekunde mbili, tatu. Ikitokea, anasikia watu wakizungumza? Anasikia hata redio ya jirani. Amewahi kuduwaa, kuzimia, kujing'ata ulimi, kunusa harufu isiyokuwepo?

"Kuduwaa anaduwaa," mke akadakia, "ila nikimwomba achote maji tu."

Daktari akacheka, lakini akarudi kwenye jambo. "Baba, umefanya vizuri kuja. Si kila kifafa humwangusha mtu. Kingine hupita kama hivyo, sekunde chache, mkono ukacheza tu. Ndiyo maana lazima niulize. Na hivi vidole viwili vya mwisho, vina ganzi?"

"Asubuhi, ndiyo."

"Ukiwa kazini unasimamaje?"

Polepole akaanza kuelezea kwa maneno, mkewe akamsukuma. "Muonyeshe!" Akaenda kwenye kitanda cha wagonjwa, akaweka kiwiko juu ya chuma chake, shavu kiganjani. Daktari akakichukua kile kiwiko, akagonga kwa ncha ya kidole upande wa ndani.

Polepole akaruka. "Hiyo! Hiyo hiyo, daktari!"

"Ni mshipa wa fahamu unaopita hapa, baba. Umeulalia miaka yote. Sioni dalili ya kifafa. Ila ikikujia bila kuegemea, au ukapoteza fahamu hata kidogo, rudi siku hiyo hiyo. Usiegemee tena. Na wembe upumzike mpaka vidole vipate nguvu. Nitakupima tena baada ya wiki sita."

Nje ya mlango Polepole alisimama akavuta pumzi ndefu, akacheka peke yake. Mkewe alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Miaka kumi na tisa unakikwepa kiti," alisema, "kumbe ungekaa tu!"

Alhamisi Mwalimu aliingia, akakaa, akainua kidevu.

"Subiri kwanza," Polepole akasema. "Haikuwa sabuni." Akamweleza, pamoja na zile mara tatu za mwanzo, pamoja na kifafa alichokishuku huku ameshika wembe.

Mwalimu aligeuza kiti, akamtazama uso kwa uso.

"Ulijua, ukaninyoa?"

"Nilijua. Nisamehe."

Mwalimu akajipapasa koo. "Wanafunzi wangu walinidanganya miaka thelathini. Hakuna hata mmoja aliyerudi kusema ukweli." Akageuza kiti kuelekea kioo. "Haya, washa hiyo mashine. Nitavumilia kidevu cha msasa wiki sita."

Polepole akavuta kigoda kirefu alichokinunua wiki hiyo, akakaa, akaanza kazi.