Muhuri wa Ofisi na Mdundo wa Miaka ya Themanini

Nawasihi, hili lisitoke hapa. Kazi bado naihitaji.

Mchana, ofisi ikiwa tupu, nilikuwa narekodi kwa simu midundo kama ya zile mashine za ngoma za miaka ya themanini.

Muhuri ukigonga karatasi unalia DUM! Makofi nayapiga kwa mikono. Safi kabisa.

Bosi akaingia.

Akaona karatasi tupu zenye muhuri wetu. Juu ya hizo mtu anaweza kuandika wizi wowote anaoutaka!

“Kijana, hii nini?”

Nikamsikilizisha rekodi.

Akazichana karatasi zote. Halafu mabega yake yakaanza kucheza!

“Ya salaam! Hii sisi tulicheza Kampala, ukimbizini! Lakini makofi yako hayana mwangwi. Kapige ndani ya lile kontena tupu la mizigo huko nje.”

Nimepiga. Ndiyo yenyewe!

Wa kusikia, niandikieni inboksi jioni. Ofisini msipige simu, tafadhali.