Kaka Alitaka Upande wa Mbele Tu

Umewahi kumsikia mtu akimwambia fundi aache ukuta unaoanguka, ashughulike na ule uliosimama vizuri? Mimi nimemsikia. Ni kaka yangu wa tumbo moja, na sioni haya kumsema.

Alitokea nyumbani kwa Mama baada ya kupotea miaka. Miwani ya jua, manukato ya kuumiza kichwa, na fundi nyuma yake.

"Mama, nakutengenezea nyumba yako kwa nje. Gharama zote juu yangu."

Mama akalia kwa furaha. Masikini Mama.

Tukatoka kupanga kazi. Kaka akavuka barabara, akainua simu, akafumba jicho moja kama mpiga picha wa harusi.

"Fundi, mbele piga rangi. Barazani weka vigae. Halafu simamisha nguzo mbili."

"Za kubeba nini, bosi?"

"Za urembo!"

"Hapo umenena, bosi."

Huyo ndiye fundi mwenyewe. Angeambiwa apake mbuzi rangi, angeuliza rangi gani.

Nikasema, "Kaka, njoo uone nyuma. Ukuta wa chumba cha Mama una ufa unaoingia kiganja. Mvua ikinyesha, analala sebuleni."

"Nyuma nani anapaona?"

"Mama anapaona! Ndiko anakolala."

"Mdogo wangu, shida yako huna maono."

Maono! Mtu kashindwa kuona ufa, eti mimi ndiye sina maono. Nilimcheka mbele ya fundi wake, wala sikujificha.

Mama akanivuta kando. "Mwanangu, usimvunje moyo mwenzio. Hata hiyo mbele si haba."

Nikaacha kubishana kwa heshima yake, ila sikuridhika.

Fundi alikuwa ameanza kupima ukuta wa mbele liliposimama gari. Wakashuka mume na mke, wakaikagua nyumba kwa macho.

"Shikamoo, Mama. Samahani, nyumba inayouzwa ndiyo hii? Tuliambiwa tusubiri picha, nyumba ikishapakwa rangi, ila tumeona tuiwahi."

Kaka alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, nilipanga nikwambie kazi ikiisha. Nilitaka uje ukae kwangu, upumzike."

"Kwako wapi? Mimi kwako sijawahi hata kupajua."

Mama aliwaaga wale wageni kwa upole, akawaambia nyumba haiuzwi. Kisha akamgeukia fundi. Sijawahi kumsikia na sauti ile.

"Rangi acha. Nguzo acha. Kwanza badilisha kitasa cha geti, leo hii, funguo zote unipe mimi. Ukimaliza, uje huku nyuma."

Fundi akamtazama kaka, akamtazama Mama. Akachagua haraka.

"Sawa, Mama. Pesa ya kuanzia ninayo, bosi alinipa asubuhi."

Basi kaka yangu, mwenye maono yake, akafungiwa nje kwa kitasa alichokilipia mwenyewe. Nililala usingizi mtamu, nisiwafiche.

Wewe unayesoma, mtu akikazana nyumba ya mama yako ipendeze mbele tu, muulize mapema anampendezeshea nani.