Nguo Nyeupe ya Mjane

Walimu wenzangu walinionya kwamba mwanamke kupanda jukwaani Garissa ni kujitafutia maneno. Mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Vita vya shifta, wale waasi wa porini, vilikuwa vimeufunga mji kama zizi: kutoka ni kwa pasi, na filimbi ikilia saa kumi na mbili jioni, kila mtu ndani. Nilikuwa na barua kutoka Nairobi. Kikundi cha maigizo kilinitaka nifike Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine. Niliisoma barua ile mpaka ikachanika mikunjoni.

Alhamisi alasiri tulicheza mchezo shuleni. Hakuna msichana aliyeruhusiwa na kwao, kwa hiyo mjane nikawa mimi. Kwetu mjane huvaa nyeupe tupu miezi minne na siku kumi. Nikaazima nguo ya shangazi yangu. Nililia vizuri, nasema mwenyewe. Kina mama waliokaa nyuma ya pazia wakalia nami.

Mchezo ulichelewa kwisha. Filimbi ikalia ningali na nguo ile, macho mekundu. Sikuthubutu kusimama kubadilisha. Nilikimbia nyumbani hivyo hivyo, nikapita kizuizini mbele ya askari.

Jumamosi nilifika ofisini kuchukua pasi niliyoahidiwa. Ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri. Ofisa, mtu wa bara, alinikaribisha kiti.

"Mwalimu, pole kwa msiba."

"Msiba gani, bwana?"

"Askari wangu wamekuona na nguo ya eda. Mumeo amezikwa wapi?"

"Sijaolewa. Lilikuwa igizo la shule."

"Wiki hii mjini hajazikwa mtu. Basi huyo amefia porini na bunduki yake."

Nilimwambia aulize shuleni. Akasema shule nzima ni ndugu zangu. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, lakini pasi ilikuwa mkononi mwake, nikaimeza hasira.

"Kama ni igizo," akasema, "igiza hapa. Lia nione."

Nikasimama mbele ya meza. Kilio kilichonijia Alhamisi bila kuitwa hakikuja. Nilikunja uso, nikashika kichwa, macho makavu. Akaanza kutabasamu. Ndipo nikaiona Jumatatu ikinipita, na mwingine amesimama mahali pangu, nikalia. Nililia mpaka nikashindwa kunyamaza.

Aliacha kutabasamu. Akanisogezea kikombe chake cha maji.

"Hicho si kilio cha kuigiza, mwalimu," akasema kwa upole, akaifungia pasi ndani ya droo.

Vita vilipokwisha nilipanda majukwaa mengine, nikafundisha wasichana wengi kuigiza. Kila mmoja namwambia: mchezo ukiisha, vua nguo ya jukwaani kabla hujatoka mlangoni. Wao hudhani nahofia vumbi.